Pikapu juu ya mawe mbele ya nyumba: nani wa kuiondoa?

Msomaji wa kata ya Chikongola, Mtwara, ameandika hivi:

"Baba, shikamoo. Mbele ya nyumba yetu kuna pikapu iliyoachwa na fundi magari aliyekuwa amepanga chumba cha uani. Aliaga anakwenda Masasi msimu wa korosho wa mwaka juzi, hajarudi, simu haipatikani, na kodi ya miezi minne hakulipa. Gari lipo juu ya mawe, nusu liko uwanjani kwetu, nusu limeingia barabarani. Watoto wanalichezea, na mvua zikinyesha linajaa maji na mbu. Mimi nauza mihogo na samaki wa kukaanga hapohapo mbele, wateja wanakosa pa kusimama. Watu wa vyuma chakavu wamekuja mara mbili, kila wakija wanapandisha bei, wanataka walikate waondoke nalo. Mtendaji wa mtaa anasema niandike barua. Jirani anasema gari likikaa kwako zaidi ya mwaka ni lako, niliuze nifidie kodi yangu. Nimsikilize nani?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kero. Msikilize mtendaji. Jirani yako hana nia mbaya, ila ushauri wake unaweza kukulaza mahabusu kwa sababu ya mabati ambayo hata wewe mwenyewe huyataki.

Nianze na watu wa vyuma chakavu, kwa kuwa hao ndio wenye haraka. Hakuna sheria nchini inayosema gari likilala mbele ya nyumba yako mwaka mzima linageuka kuwa lako. Nadhani jirani amechanganya na mambo ya ardhi, ambako Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inataja miaka 12, na hata huko mtu hapati kiwanja kwa kuhesabu kalenda tu. Kwenye gari linaloangaliwa ni kama mwenyewe anajulikana au anaweza kutafutwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa nafuu mtu aliyeokota kitu kilichopotea akakitumia, ilhali hamjui mwenyewe na ana sababu za msingi za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Wewe nafuu hiyo huna. Aliyeliacha gari unamjua kwa sura na jina, ulikuwa unampokea kodi, na gari lina kibao cha namba. Hata kibao wakiking'oa, namba ya chesisi imegongwa kwenye fremu. Ukishika hela ya skrepa leo, kesho fundi akashuka kwenye basi la kutoka Masasi akaenda moja kwa moja kituoni kufungua jalada la wizi, atakayeitwa ni wewe. Wale wakataji hutawaona tena, na chuma kitakuwa kimeshapakiwa kwenda Dar es Salaam. Mnunuzi anayejiheshimu anauliza kadi ya gari kabla hajataja bei. Hao waliokuja mara mbili wakapandisha dau bila kuuliza karatasi yoyote, waage.

Sasa kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo zito kuliko yote. Una uhakika gani kwamba pikapu ni ya fundi?

Umesema alikuwa fundi magari. Mafundi wa gereji bubu, hawa wanaofungua injini chini ya mwarobaini, wanaishi na magari ya wateja. Mteja analeta gari linatoa moshi, fundi anashusha silinda hedi, anaomba hela ya spea, mteja anasema nakuja Jumatatu, na Jumatatu hiyo haifiki. Miezi inapita, betri inaazimwa, matairi yanahamia kwenye gari jingine, ndipo linapandishwa juu ya mawe. Fundi akihama hana cha kuhama nacho zaidi ya sanduku la spana. Kwa hiyo inawezekana kabisa mwenye gari ni mtu mwingine, yuko Newala au Nanyamba, na yeye naye anamtafuta fundi huyohuyo.

Hapo hatujamgusa mtu wa tatu, yaani yule ambaye jina lake lipo kwenye kadi. Watu wetu wananunua magari kwa karatasi ya makubaliano iliyosainiwa mbele ya mashahidi wawili, hela inahesabiwa, funguo zinatolewa, na kadi inabaki na jina la mwenye gari wa kwanza. Daftari la magari linatunzwa na TRA, mamlaka ya mapato, na daftari hilo halijui habari za makubaliano yenu chini ya mwembe. (Na wewe msomaji mwingine uliyeuza gari miaka kumi iliyopita bila kuhamisha kadi, jua kwamba siku likitelekezwa kwenye uchochoro wa watu, jina litakalosomwa ofisini ni lako.) Ofisi ya manispaa au polisi wakiandika TRA kuuliza namba ile ni ya nani, watajibiwa. Wewe ukienda dirishani peke yako kuulizia jina la mtu, usitegemee sana. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kuandika barua: barua yako ndiyo inayoipa ofisi sababu ya kuuliza.

Tuje kwenye nusu ndani, nusu nje. Hili linasumbua hata maofisa, kwa sababu anayepaswa kuliondoa gari anategemea limesimama kwenye ardhi ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi yake, yaani ukanda wa barabara, kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Hilo wanalijua vizuri wanaokaa kandokando ya njia ya kutokea Mangamba. Barabara za mitaa kama hiyo yako ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Viwanja vya soko, stendi na maeneo ya wazi ni vya halmashauri. Uwanja wa nyumba ni wako na mumeo, au wa mwenye hati. Tafuta bikoni, yaani alama za mpaka, za kiwanja chenu kama zipo, kisha pima kwa futi ya fundi seremala gari limeingia barabarani kiasi gani. Piga picha zinazoonyesha gari, barabara na ukuta wa nyumba kwa pamoja, siyo gari peke yake.

Na hapa atatokea mjanja wa mtaa aseme: wekeni vijana watano, lisukumeni liingie barabarani lote, liwe mzigo wa serikali. Usithubutu. Kwa sasa aliyeweka kizuizi barabarani ni fundi. Mkilisukuma, aliyeweka kizuizi ni nyinyi, na mashahidi ni mtaa mzima.

Sheria ya kuliondoa ipo. Tena zipo kadhaa. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973, inakataza kuacha gari mahali linapozuia au kuhatarisha wengine, na inampa polisi uwezo wa kuagiza liondolewe. Shida ni kwamba trafiki amezoea kosa lenye dereva. Ile faini ya shilingi 30,000 anamwandikia mtu aliyeshika usukani. Pikapu yako haina hata usukani wa kushikwa, sijui ataandikiwa nani. Sheria ya Barabara nayo inakataza kuweka vitu kwenye hifadhi bila ruhusa ya mamlaka ya barabara. Halafu ziko sheria ndogo, ambazo halmashauri ya manispaa inatunga kwa mamlaka ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288. Hizo ndizo zinazogusa maegesho, usafi wa mji, magari mabovu, gharama za kuvuta na kuhifadhi.

Kuhusu sheria ndogo nikupe neno moja la kiofisi. Sheria ndogo haiwi sheria kwa kuwa madiwani wameinua mikono ukumbini. Lazima iidhinishwe na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, ndipo inapata ile namba ya tangazo watu wanayoiita GN. Ukiambiwa "sheria hairuhusu" au "sheria haipo", uliza kwa adabu: naomba nisome sheria ndogo yenyewe, GN namba ngapi? Mtendaji wa kata anaweza kukuelekeza, na mwanasheria wa manispaa anazo. Swali hilo likiulizwa kwa upole linabadilisha mazungumzo. Usilitumie kugombana tu.

Ushuru wa maegesho usikuchanganye. Ule ni malipo ya kusimama kwa muda mahali palipochorwa. Hata kama fundi angekuwa na risiti, haimpi ruhusa ya kuacha gari life pale.

Lakini ukiniuliza mimi, mlango unaofunguka upesi kuliko yote hiyo ni wa bwana afya. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa ofisa afya uwezo wa kukagua na kutoa notisi pale penye kero inayohatarisha afya, na kwake haijalishi gurudumu moja liko barabarani na jingine uwanjani. Umesema linajaa maji na mbu. Hilo liandike kwanza. Mvua zetu za kuanzia Desemba hadi Aprili, bodi ya pikapu iliyooza sakafu ni dimbwi zuri la mazalia, na ofisa afya akiona viluwiluwi kwa macho yake hana haja ya kubishana habari za kadi. Ila ujue upande wa pili: asipompata aliyesababisha kero, anaweza kumwandikia notisi mwenye eneo. Kwa hiyo siku ya kwanza unapomwita, mkabidhi nakala ya barua yako inayoonyesha kwamba wewe ndiye mlalamikaji.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Watu wakisikia barua ya serikali wanaanza kutafuta maneno makubwa. Andika tu hivi: kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara Mikindani, kupitia kwa Mtendaji wa Kata ya Chikongola. "Yah: Gari lililotelekezwa mbele ya nyumba namba fulani, mtaa fulani. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tangu mwezi fulani mwaka fulani gari aina ya pikapu, rangi fulani, lenye namba za usajili fulani, limeachwa mbele ya nyumba yangu na mpangaji aliyehama. Sehemu ya gari ipo kwenye hifadhi ya barabara, futi kadhaa. Linatuamisha maji, watoto wanalichezea, na linazuia njia. Mimi siyo mmiliki na sina madai ya umiliki. Naomba ofisi yako imtafute mmiliki na kuliondoa kwa mujibu wa sheria. Naambatanisha picha." Saini, tarehe, namba ya simu. Nakala kwa meneja wa TARURA wa wilaya, kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, na kwa mwenyekiti wa mtaa.

Ile sentensi ya "mimi siyo mmiliki" usiiache. Inakulinda pande zote: haikufanyi mwizi gari likipotea usiku, wala haikufanyi mwenye kulipia gharama za kulivuta.

Peleka nakala mbili mkononi. Moja wabaki nayo, nyingine wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri ukiifuatilia baada ya mwezi utaambiwa haikufika, na huna la kujibu. Ukiweza, ipeleke kabla ya Oktoba. Korosho zikianza kuingia maghalani, na malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yakiwa yanapishana nayo kuelekea bandarini, watu wa barabara na trafiki wanakuwa na magari yanayotembea ya kuhangaika nayo, hilo lako lisilotembea litasubiri.

Kinachofuata kwa kawaida ni hiki. Ofisa anakuja kuangalia. Polisi wanaangalia namba na chesisi, kwa sababu gari bovu la mtaani linaweza kuwa limeibwa mahali, na likigundulika hivyo linakuwa kielelezo, mambo yanahamia kwao. Likiwa safi, mmiliki anatafutwa, na notisi inabandikwa kwenye kioo kumtaka aliondoe ndani ya siku zilizotajwa. Piga picha notisi hiyo siku ileile, maana jua na watoto wa mtaani hawaiachi. Siku zikiisha, linavutwa hadi yadi, na gharama za kuvuta na kuhifadhi zinamsubiri mwenye gari. Asipojitokeza, linauzwa kwa mnada kwa utaratibu wa halmashauri. Mtu akikwambia wewe mlalamikaji uchangie mafuta ya gari la kuvuta, mwombe namba ya kumbukumbu ya malipo. Malipo halali ya serikali yana namba hiyo na stakabadhi. Bila hivyo ni mfuko wa mtu.

Sitakudanganya kwamba yote haya yanakwenda mbio. Yadi zinajaa, gari la kuvuta linatakiwa mahali pengine, na ofisa uliyezoeana naye anahamishiwa Tandahimba katikati ya safari. Mtu anayekwenda kila baada ya wiki mbili na nakala yake yenye muhuri, akasalimia, akaketi, anahudumiwa kabla ya anayepiga simu kwa hasira.

Kodi yako ya miezi minne ni jambo jingine kabisa, usilifunge na hili la kuondoa gari. Fundi ana deni kwako, na deni linadaiwa Mahakama ya Mwanzo. Ukishinda, ni mahakama yenyewe, kwa kutumia dalali wake, inayoweza kukamata mali ya mdaiwa na kuiuza ulipwe. Hiyo ndiyo njia pekee ya halali ya pikapu kugeuka kodi. Lakini rudi kwenye lile nililosema mwanzo: mahakama inakamata mali ya mdaiwa, haikamati mali ya mteja wake. Ikionekana kadi ina jina la mtu wa Newala, mtu huyo atakuja kupinga na atalichukua. Kwa hiyo subiri majibu ya TRA yapatikane kupitia barua yako kabla hujalipia ada ya kufungua madai. Na piga hesabu zako. Pikapu isiyo na injini, iliyokaa misimu miwili kwenye upepo wa chumvi ya bahari, mnadani haileti hela ya kujivunia. Huenda usumbufu ukazidi kodi. Ningekuwa wewe, ningeshughulika kwanza na eneo lipatikane, deni nikaliweka kwenye daftari hadi fundi aonekane. Masasi siyo mbali hivyo, na mafundi wanafahamiana. Mtu mmoja wa gereji akiagizwa na mzee wa mtaa, habari zinafika.

Kuna jambo la mwisho, na usinikasirikie. Ukimwita ofisa kuangalia nusu ya gari iliyo kwenye hifadhi ya barabara, macho yake yataona pia banda la mihogo. Umesema unauzia hapohapo mbele. Kama banda lako limesimama kwenye mstari uleule wa gari, sheria inayoondoa pikapu inaweza kuondoa na jiko lako. Kabla hujapeleka barua, pima. Banda likiwa nje ya bikoni, lirudishe ndani hata kama ni hatua mbili, na kama ni lazima likae nje, zungumza na mtendaji akueleze maeneo waliyopangiwa wafanyabiashara wadogo na kibali chake. Vivyo hivyo, gari likiondoka usikimbilie kupanga mawe na matairi kuzuia wengine wasiegeshe pale. Naona nyumba nyingi za mjini zinafanya hivyo, lakini mbele ya nyumba yako nje ya mpaka ni barabara ya wote, na mawe yako ni kizuizi kama yale aliyoweka fundi.

Wakati unasubiri, gari usiliguse kwa kulipunguza, lakini kuzuia madhara unaruhusiwa. Mwaga maji yaliyotuama kwenye bodi. Funga milango kwa kamba, watoto wasijifungie ndani mchana wa jua kali. Chuma kile kinapata moto haraka, na mtoto mdogo hajui kufungua kitasa kilichoshika kutu. Angalia mawe yaliyolibeba kama hayajaegama upande mmoja, na kama yameegama, weka gogo la kuzuia upande huo na uongeze sentensi kwenye barua kwamba gari linaweza kuanguka. Betri ikiwa bado imo, mwambie bwana afya akija, usiitoe mwenyewe: ina tindikali, na ndicho kitu cha kwanza mwenye gari atakachokuuliza iko wapi. Fanya hayo mwenyekiti wa mtaa au balozi wa nyumba kumi akiwa anaona.